Muda wa Wajapani na Muda Wetu

Kwa Kijapani, "muda" maana yake ni upotevu, yaani jitihada isiyomfaa mteja. Taiichi Ohno wa Toyota aliugawa katika aina saba, mojawapo ni kungoja. Kwetu neno hilo ni wakati. Hayana undugu, letu limetoka Kiarabuni, lakini napenda kuyaweka pamoja.

Kwetu Jinja mfano uko karibu. Kiwanda cha sukari cha Kakira hakitupi makapi ya miwa. Huyachoma kupata umeme, na unaozidi huuzwa kwenye gridi ya taifa.

Hapa Mbale nimelijaribu somo hili kwenye foleni ya udhu siku ya Ijumaa. Ohno aliwasimamisha wahandisi ndani ya duara la chaki waangalie kazi kwanza, basi nami nilisimama nikaangalia. Mabomba yalitosha. Wacheleweshaji ni sisi: mtu hufungua maji, ndipo avue saa, akunje mikono ya kanzu, atafute pa kuweka simu, na maji yanamwagika. Wa nyuma hukosa hotuba. Tukaweka benchi na misumari ya kutundikia vitu kabla ya mabomba, mtu afike akiwa tayari. Foleni imepungua. Viatu mlangoni ni kisa kingine!

Na maji je? Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa mudi moja, takriban robo tatu ya lita. Chukueni chupa ya nusu lita, ijazeni mara moja na nusu, mjaribu Ijumaa ijayo kabla ya adhana.