Somo la Saba: Rangi, Gundi na Thina katika Uundaji wa Ndege za Mfano

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mtumiaji aweze:
(a) kusoma kasha la ndege ya mfano kabla ya kulipa;
(b) kutofautisha rangi inayofaa na isiyofaa;
(c) kutumia na kuhifadhi thina bila kuhatarisha familia yake.

1. Utangulizi

Kuunganisha ndege za kivita za mfano na kuzipaka rangi ni burudani iliyoenea duniani tangu miaka ya 1950, kampuni ya Airfix ya Uingereza ilipoanza kuuza ndege ya plastiki ya Spitfire kwa vipande. Kwa Mtanzania mpenda historia, MiG-21 ina mvuto wa pekee, kwa kuwa Tanzania na Uganda zote zilikuwa na ndege za aina hiyo wakati wa Vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979.

Burudani hii humzoeza kijana subira, hesabu na usahihi wa mkono, nasi hatuna sababu ya kuikataza. Kinachotuhusu ni kile kinachopakwa juu ya plastiki. Aghalabu seti huuzwa bila rangi, na mnunuzi wa Mwanjelwa akikosa rangi iliyokusudiwa kazi hiyo, huelekea kwenye duka la vifaa vya ujenzi au la rangi za magari. Hapo ndipo madhara yanapoweza kuanzia.

2. Soma kasha kwanza

Angalia mambo matatu.

*Skeli.* Skeli ya ndege ya mfano husomwa kama ya ramani. Mabawa ya MiG-21 halisi yana upana wa takriban mita 7.15. Kwa skeli ya 1:72, mfano wake utakuwa na upana wa sentimita 10 hivi. Kwa skeli ya 1:48, sentimita 15 hivi. Picha kubwa ya kasha isikudanganye kuhusu ukubwa wa kilichomo.

*Umri.* Vipande vidogo vinaweza kumkaba mtoto mchanga. Alama ya uso wa mtoto uliokatwa kwa mstari, pamoja na tarakimu 0–3, humaanisha kwamba bidhaa haiwafai watoto wa chini ya miaka mitatu.

*Yaliyomo.* Hakikisha kama rangi na gundi vimo au vinanunuliwa kando, kisha ujumlishe gharama yote kabla ya kukubali bei.

3. Rangi ipi inafaa?

Rangi ya akriliki ya maji ndiyo tunayoipendekeza kwa anayeanza na kwa kijana. Harufu yake ni hafifu, na brashi husafishwa kwa maji. Rangi ya mafuta hung'aa na kudumu, lakini huhitaji tapentaini na hewa ya kutosha.

Rangi ya magari na thina yake hazifai. Seti nyingi hutengenezwa kwa plastiki ya polistirini, ambayo huyeyushwa na thina kali. Mnunuzi hupoteza seti, fedha na kazi ya siku nyingi, na mvuke wake huumiza kichwa, macho na mapafu.

Jambo zito zaidi ni madini ya risasi, ambayo baadhi ya watengenezaji wamekuwa wakiyatia katika rangi, hasa za njano, nyekundu na chungwa. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira linapendekeza rangi isizidi miligramu 90 za risasi kwa kila kilo ya rangi iliyokauka. Macho hayawezi kuitambua risasi ndani ya kopo. Tegemeo la mnunuzi ni lebo na alama ya ubora.

4. Usinunue kisicho na lebo

Lebo halali hutaja jina la bidhaa, mtengenezaji, namna ya kutumia na tahadhari. Alama ya mwali wa moto ndani ya umbo la almasi lenye mpaka mwekundu humaanisha kwamba bidhaa hushika moto kwa urahisi.

Thina iliyomiminwa katika chupa ya maji ya kunywa ni rahisi kwa bei, lakini mtoto mwenye kiu hawezi kuitofautisha na maji. Usiinunue, wala usiimimine hivyo nyumbani. Mtu akiinywa, usimtapishe. Mkimbize kituo cha afya, ukichukua na chombo chake.

5. Matumizi nyumbani

Katika miezi ya Juni na Julai, baridi ya Mbeya huwafanya wengi wafunge madirisha na kuingiza jiko la mkaa ndani. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni hadi kwenye moto. Kwa hiyo:

- paka rangi mchana, barazani au penye madirisha wazi, mbali na jiko, mshumaa na sigara;
- usitegemee barakoa ya kitambaa, kwa kuwa haizuii mvuke;
- piga msasa uliolowa maji ili vumbi lisiruke;
- nawa mikono kabla ya kula;
- funga makopo na kuyaweka juu, mahali pa kufungwa kwa ufunguo;
- usimwage mabaki mferejini.

6. Haki yako

Dai risiti na uitunze pamoja na kasha au kopo. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mtumiaji. Ukiuziwa bidhaa tofauti na ilivyoelezwa, rudi kwanza kwa muuzaji. Msipoelewana, peleka lalamiko Tume ya Ushindani. Ukishuku ubora wa bidhaa, toa taarifa Shirika la Viwango Tanzania. Kopo tupu lenye lebo lina nguvu kuliko maelezo marefu yasiyo na ushahidi.

7. Maswali ya kujipima

1. Ndege halisi ina urefu wa mita 14.4. Mfano wake wa skeli ya 1:72 utakuwa na urefu gani? (Jibu: sentimita 20.)
2. Kwa nini thina ya magari haifai kwa polistirini?
3. Fungua kabati la nyumbani kwako leo. Je, kila chombo chenye kemikali kina lebo yake?