MWIZI AMEPITA NYUMBANI

Tuseme ni Jumapili, mwezi wa saba. Mahindi yamekwisha vunwa. Mama mmoja wa Kilolo, mkoani Iringa, anarudi kutoka kanisani na watoto wake. Anakuta kufuli limevunjwa. Magunia matatu ya mahindi hayapo. Cherehani haipo. Simu aliyoiacha ikichajiwa kwa umeme wa jua haipo.

Mama anakaa chini na kulia. Mtu asimkemee. Mahindi yale ni chakula mpaka mavuno mengine. Cherehani ile ndiyo inayonunua sare na madaftari ya watoto. Mkristo akiibiwa huumia kama mtu mwingine yeyote. Ayubu aliponyang'anywa ng'ombe na ngamia wake, na watoto wake wakafa, alimsujudia Mungu. Lakini kwanza alirarua joho lake.

Majirani wanafika kumpa pole. Ni jambo jema. Lakini hapo ndipo hatari nyingine inapoanza. Mmoja anasema, "Kijana wa nyumba ile hana kazi. Jana alipita hapa." Mwingine anasema, "Twende kwa mganga, atamtaja." Wa tatu amekwisha shika fimbo. Hakuna hata mmoja aliyeona kitu. Kabla ya saa moja kwisha, kijana wa watu amekwisha kuwa mwizi.

Ndugu msomaji, fungua kitabu cha Mwanzo, sura ya 44. Magunia ya wana wa Yakobo yalipekuliwa njiani. Kikombe cha fedha kilikutwa ndani ya gunia la Benyamini. Je, Benyamini aliiba? Hakuiba. Kikombe kilitiwa humo kwa amri ya Yusufu. Ikiwa mtu aliyekutwa na kikombe ndani ya gunia lake hana kosa, tutasema nini juu ya kijana ambaye amepita njiani tu?

Wazee wetu nao waliwahi kutafuta njia ya mkato. Zamani, huko Rungwe katika mkoa wa Mbeya, Wanyakyusa walikuwa na dawa kali iliyoitwa mwafi. Mtu aliyeshukiwa, hasa kwa uchawi, alinyweshwa dawa hiyo. Akitapika, alihesabiwa hana hatia. Asipotapika, alihesabiwa mkosaji. Utawala wa kikoloni uliipiga marufuku desturi hiyo. Tumbo si shahidi. Na mganga anayetazama maji kwenye bakuli na kutaja jina la jirani yako naye si shahidi. Nchi yetu ina Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1928. Inamkataza mtu kujidai kuwa ana nguvu za uchawi. Kwa Mkristo kuna sababu nyingine pia: hawezi kumwomba Mungu asubuhi, kisha jioni akapeleka kuku kwa mpiga ramli.

Na ile fimbo? Tazama Kutoka, sura ya 22. Sheria ya Musa ilitofautisha usiku na mchana. Mwizi akipigwa usiku anapovunja nyumba, akafa, aliyempiga hakuhesabiwa kuwa na damu. Lakini jua likiwa limechomoza, aliyemwua alikuwa na hatia ya damu. Mwizi huyo alitakiwa kulipa alichoiba. Hata watu wa zamani sana walijua kwamba uhai wa mwizi una thamani kuliko cherehani.

Sheria za Tanzania ziko wazi. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla kosa lake halijathibitishwa. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai ya mwaka 1985 inamruhusu raia kumkamata mtu anayemwona akiiba. Lakini lazima amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kumkamata ni halali. Kumwua ni kosa la jinai, na adhabu ya kuua kwa kukusudia ni kunyongwa. Kusema "tulikuwa wengi" hakumwokoi mtu.

Basi yule mama afanye nini? Asiguse mlango wala kufagia nyayo. Amwite mwenyekiti wa kitongoji na majirani wawili waone. Kisha achukue kalamu. Hapa ndipo kisomo kinapomfaa. Aandike: magunia matatu, cherehani ya aina gani, namba yake, ina alama gani, aliondoka nyumbani saa ngapi, alirudi saa ngapi. Karatasi hiyo aipeleke kwa mtendaji wa kijiji na kituo cha polisi. Wewe ambaye hujaibiwa, andika namba za mali yako leo. Namba ya simu yenyewe utaiona ukibonyeza *#06#. Iandike kwenye daftari, si ndani ya simu hiyo hiyo!

Wengine huuliza, "Nikienda polisi, je, nimekataa kusamehe?" Hapana. Kusamehe ni kuacha kisasi. Mtume Paulo, katika Warumi sura ya 12, anatukataza kujilipiza kisasi. Lakini katika sura inayofuata anasema kwamba wenye mamlaka wamewekwa ili kumwadhibu mtenda maovu. Mama anaweza kutoa ushahidi bila kusema uongo na bila kuongeza chumvi, na usiku akamwombea yule aliyemwibia. Si rahisi. Pengine ataomba huku amekasirika, siku nyingi.

Jambo gumu zaidi ni pale mwizi anapokuwa mtoto wa ndugu. Ukoo husema, "Tuyamalize ndani." Mali ikirudishwa mbele ya wazee, ni vizuri. Zakayo alirudisha mara nne. Lakini ikiwa yule kijana asiye na kazi amekwisha tajwa kijiji kizima, lazima aombwe radhi mbele ya watu wale wale waliosikia akitajwa. Kumnong'oneza hakutoshi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini kikombe kilikutwa katika gunia la Benyamini?
2. Andika vitu vitano vya nyumbani kwako pamoja na namba au alama zake.
3. Mwizi amekamatwa na watu wameanza kumpiga. Wewe uko peke yako. Utamwita nani kwanza?
4. Mtoto wako ameleta nyumbani baiskeli usiyoijua. Utamwuliza nini?