Mume na Mke Safarini: Mafunzo kwa Anayepatikana na Mashaka ya Njiani

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyewafanyia waja wake bara na bahari kuwa njia zao, na rehema na amani zimfikie Bwana Mtume Muhammad na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad. Zamani mtu wa pwani alipotaja safari ya mbali pamoja na mkewe, aghalabu makusudio yake yalikuwa ni Hija. Leo wako wengi watokao Mombasa, Lamu, Tanga na Unguja pamoja na wake zao kwenda kuzuru na kutazama miji ya Waislamu, na mmoja katika miji hiyo ni Istanbul. Huko huiona Ayasofya, iliyojengwa kuwa kanisa na kumalizika mwaka 537, ikafanywa msikiti na Sultan Muhammad al-Fatih mwaka 1453, ikafunguliwa kuwa nyumba ya makumbusho mwaka 1935, kisha ikarejea kuwa msikiti mwaka 2020. Huzuru pia kaburi linasibishwalo na Abu Ayyub al-Ansari, sahaba aliyempokea Mtume (s.a.w.) nyumbani kwake Madina.

Safari kama hiyo ni neema, wala neema haikosi mtihani. Na mtihani wenyewe si sanduku lililopotea wala ndege iliyowaacha. Mtihani ni ulimi wa mume katika saa ile.

Na upigwe mfano. Istanbul ina viwanja viwili vikubwa vya ndege, kimoja upande wa Ulaya na cha pili, Sabiha Gökçen, upande wa Asia, na mlango wa bahari wa Bosphorus umepita kati. Mtu na mkewe wakenda kiwanja kisichokuwa chao, kwa kuwa mume hakukisoma cheti vizuri. Walipogeuka mbio kutafuta teksi, mke akausahau mkoba wenye pasi zote mbili. Mume akalisahau kosa lake la kwanza, akalishika kosa la mkewe la pili. Akampigia kelele mbele ya watu, na neno la talaka likawa katika ncha ya ulimi.

Msomaji na azingatie khatari hii. Pasi ikipotea hupatikana nyingine. Ama talaka, katika madhehebu ya Imam Shafi ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani, hupita hata ikitamkwa kwa hasira, maadam mtamkaji akili yake anayo. Basi mtu aweza kupoteza ndege asubuhi, na jioni akawa amepoteza na nyumba yake. Na yule mwanamke aliyetolewa kwao kuwa amana, atakuwa katika nchi ambayo hana jamaa wala hajui lugha yake. Je, hiyo ndiyo kuchunga amana?

Funzo la kwanza: kidani cha Bibi Aisha. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa safarini pamoja na Bibi Aisha (r.a.), na kidani chake kikapotea. Mtume akasimama kukitafuta, na watu wote wakasimama naye, mahali pasipokuwa na maji, nao maji hawana. Watu wakamshitakia Abubakar, naye akaja akamkemea binti yake kwa kuwazuia watu. Mtume alikuwa amelala, kichwa chake juu ya paja la mkewe. Palipokucha hapana maji, Mwenyezi Mungu akateremsha aya ya kutayamamu. Kisha akainuliwa ngamia aliyekuwa akipandwa na Bibi Aisha, na kidani kikaonekana chini yake.

Katika khabari hii, lawama ilitoka kwa baba. Haikutajwa kutoka kwa mume. Jeshi zima lilisimamishwa kwa ajili ya kitu cha mke, wala Mtume hakumwambia kwamba amewachelewesha watu kwa upuzi. Na katika shida ile ikatoka rukhsa ambayo Waislamu wangali wakinufaika nayo hata leo. Basi mwenye kupatwa na shida njiani asifanye haraka kuihukumu kuwa ni shari tupu.

Funzo la pili: shauri la Bibi Ummu Salama. Mwaka wa 6 wa Hijra, sawa na 628, Mtume na sahaba zake walitoka kwenda kufanya Umra, wakazuiliwa Hudaibiya. Baada ya suluhu aliwaamuru wachinje na wanyoe, wala hapana aliyeinuka kwa wingi wa huzuni. Akaingia kwa mkewe Ummu Salama, akamweleza. Naye akamshauri atoke, asiseme na mtu, achinje mnyama wake, na amwite kinyozi wake. Akafanya hivyo, na watu wakaondoka wakamfuata. Ikiwa Mtume, naye ndiye apokeaye wahyi, alilisikiliza shauri la mkewe katika mkwamo wa safari, mume wa leo ataona haya gani kumwuliza wake: "Mama, waonaje?"

Funzo la tatu: kufunga ngamia kabla ya kutawakali. Kila mmoja na achukue pasi yake mwenyewe, na nakala yake iwe katika mzigo wa mwenziwe. Fedha zisiwe katika mfuko mmoja. Mke na awe na jina la hoteli lililoandikwa, wasije wakapoteana sokoni. Pasi ikipotea, kwanza huendewa polisi kupata cheti, kisha ubalozi. Na ijulikane kwamba ubalozi wa Kenya na wa Tanzania huko Uturuki uko Ankara, ndio mji mkuu, kiasi cha kilomita 450 kutoka Istanbul. Mizigo isipofika, hushitakiwa pale pale kiwanjani kabla ya kutoka, na huchukuliwa cheti. Kwa mapatano ya mataifa yaliyofanywa Montreal mwaka 1999, mzigo ulioharibika hudaiwa kwa maandishi katika siku 7 tangu kupokewa, na uliochelewa katika siku 21 tangu kufika mkononi mwa mwenyewe. Mwenye kushughulika kugombana na mkewe, siku hizo humpita.

Funzo la nne: sala ya aliyekwama. Katika madhehebu ya Shafi, msafiri wa safari ya halali yenye makusudio, akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, rukhsa ya kupunguza sala humwondokea. Lakini aliyekwama kwa haja, kama mwenye kungoja pasi, naye kila saa ataraji kuipata ili aondoke, ana rukhsa ya kupunguza mpaka siku kumi na nane. Ama ajuaye kwamba haja yake haitatimia kabla ya siku nne, huyo husali kamili.

Wahenga walisema, msafiri maskini ajapokuwa sultani. Umaskini wa ugenini huwafika mume na mke pamoja, wala hapana aliye karibu na mmoja wao kuliko mwenziwe. Mume atakaporudi, watu watamwuliza aliyoyaona Istanbul; na mkewe naye atayakumbuka aliyoyaona kwa mumewe siku ile mkoba ulipopotea. Basi na ajitahidi awe na la kukumbukwa kwa wema.

Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wa Kiislamu, na awarejeshe kwao kwa salama na mapenzi. Amin.