Aliyemfunga mbwa ndiye wa kumlisha

Ijumaa moja baada ya swala tulikaa barazani nje ya msikiti kama ilivyo ada yetu, watu wanne watano, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa. Mazungumzo yakafika Uturuki. Ndugu mmoja akasema kwa furaha kwamba Waturuki sasa wanarudi kwenye dini, wamepitisha sheria ya kuwaondoa mbwa wote mitaani. "Mbwa ni najisi bwana, wafungiwe huko huko," akamaliza. Wenzake wakaitikia. Mimi nikanyamaza. La kusema nilikuwa nalo, lakini nilikuwa nimeifuatilia habari ile na nikaona jibu lake ni refu kuliko kikombe cha kahawa. Basi nalitoa hapa.

Sheria yenyewe ilipitishwa na Bunge la Uturuki mwishoni mwa Julai 2024. Kabla yake kulikuwa na sheria ya mwaka 2004, iliyozitaka manispaa kuwakamata mbwa wa mitaani, kuwahasi, kuwachanja na kuwarudisha pale pale walipokamatwa. Sheria mpya inasema wasirudishwe. Wapelekwe kwenye vituo vya manispaa, wakae humo mpaka apatikane mtu wa kuwachukua, na wale wenye maradhi yasiyopona au ukali unaohatarisha watu wauawe. Meya asiyetekeleza anaweza kufungwa kuanzia miezi sita hadi miaka miwili.

Tusiwadhulumu walioitunga. Serikali ilikadiria kuwa mbwa wa mitaani nchini humo wanafika milioni 4. Kuna watoto waliong'atwa, wengine wakafa, na kuna ajali za magari. Kichaa cha mbwa nacho si mzaha, mtu akishaanza kuonyesha dalili karibu hakuna anayepona. Mzazi anayemsindikiza mtoto shule akiwa na fimbo mkononi ana haki ya kusikilizwa, awe Ankara au awe Mbagala.

Lakini hebu tupige hesabu. Wakati sheria inapitishwa, Uturuki nzima ilikuwa na vituo 322, vyenye nafasi ya mbwa 105,000. Gawanya milioni 4 kwa idadi hiyo, unapata mbwa 38 wanaogombea nafasi moja. Manispaa za nchi ile ni zaidi ya 1,300, maana yake nyingi hazina hata kituo kimoja. Zimepewa muda hadi mwisho wa mwaka 2028 kujenga na kukarabati, na zimeamriwa zitenge angalau asilimia 0.3 ya bajeti zao. Amri hiyo ilitolewa katika mwezi ambao mfumuko wa bei wa mwaka ulikuwa zaidi ya asilimia 60. Chakula, dawa, mafuta ya gari la kukamatia, vyote bei juu. Wapinzani, ambao miezi minne nyuma walikuwa wameshinda katika miji mikubwa, walilalamika kuwa wao ndio watakaobeba mzigo na wao ndio watakaofungwa. Siasa hizo nawaachia wenyewe.

Ninachotaka msomaji akitazame ni kitu kinachoitwa kituo. Watu wengi wakisikia neno hilo wanaona jengo, na jengo ndilo lililo rahisi, maana linajengwa mara moja, utepe unakatwa, picha zinapigwa. Baada ya hapo mbwa wanakula kila siku. Mabanda yanaoshwa kila siku, Idi na siku ya kawaida. Mbwa mgeni hatakiwi kuchanganywa na wenzake mpaka atengwe kwa muda na achanjwe, kwa sababu virusi vya parvo huweza kubaki sakafuni kwa miezi, na mbwa mmoja mgonjwa anaweza kuwaua watoto wa mbwa wa banda zima. Kufunga kizazi cha jike ni upasuaji kamili, unahitaji daktari wa mifugo, msaidizi, dawa ya usingizi, na siku kadhaa za kuangalia kidonda. Wahudumu wenyewe wanapaswa kuchanjwa kichaa cha mbwa kabla hawajaanza kazi. Na ni kazi gani hiyo? Harufu, kelele mchana kutwa, kung'atwa, na siku nyingine kushika mbwa anayechomwa sindano ya kumuua. Kwa mshahara mdogo, mwenye akili yake anaondoka pale anapopata kibarua kingine. Mmoja akiondoka, waliobaki wanagawana mabanda yake. Hapo ndipo mabanda yanaanza kuoshwa kesho badala ya leo, mbwa mgeni anaingizwa moja kwa moja kwa wenzake kwa kuwa hakuna nafasi, maradhi yanaenea, na kituo kinageuka mahali pa kufia. Hakuna aliyeamuru iwe hivyo. Ni hesabu ya mishahara tu imekataa.

Sasa nirudi kwa ndugu yangu wa barazani. Sisi tuliosoma chuoni kwa madhehebu ya Imam Shafi tulifundishwa kuosha mara saba chombo alichokiramba mbwa, moja kwa udongo. Haki kabisa. (Waturuki walio wengi ni Mahanafi, kwao mate ya mbwa ni najisi lakini mwili wake si najisi, ndiyo maana utamkuta amelala mlangoni mwa duka na mwenye duka hana habari naye.) Lakini unajisi ni hukumu ya usafi wetu sisi. Haumpunguzii mnyama haki yake ya kunywa na kula. Sote tunaijua hadithi ya yule aliyeteremka kisimani, akamtekea maji kwa kiatu chake mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, akasamehewa.

Na iko ile nyingine, ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka, imo kwa Bukhari na Muslim. Mara nyingi tunaisimulia kama hadithi ya ukatili. Itazame tena. Kosa linalotajwa ni kwamba alimfungia, kisha hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutia mwenyewe. Paka angekuwa nje, angekula wadudu wa ardhini. Kule kumfungia ndiko kulikohamisha mzigo wa riziki yake kutoka kwa paka kwenda kwa mwanamke. Manispaa inayomtoa mbwa jalalani na kumtia bandani imebeba mzigo ule ule.

Mwanachuoni wa Kishafi, Izzuddin bin Abdissalam, aliandika kuwa miongoni mwa haki za mnyama ni kupewa matumizi yake hata akizeeka au akiugua kiasi cha kutonufaisha tena. Alifariki Cairo mwaka 660 Hijria, sawa na 1262, mtawala akiwa Baybars.

Baybars huyo alisemekana kuacha wakfu bustani kaskazini mwa Cairo, mapato yake yawalishe paka wasio na mwenyewe. Mwingereza Edward Lane, katika kitabu chake kuhusu Wamisri kilichotoka 1836, anaeleza jinsi paka walivyokusanyika kila alasiri kwenye ua wa kadhi na kulishwa. Anaeleza pia habari ya wakfu ule. Bustani yenyewe ilikwishauzwa mara nyingi. Wasimamizi waliiuza kwa kisingizio kwamba imechakaa na kuitengeneza ni gharama. Kilichobaki kwa paka kilikuwa kodi ndogo ya ardhi, piasta 15 kwa mwaka. Sehemu kubwa ya gharama ikawa inamwangukia kadhi.

Na Istanbul yenyewe inakumbuka mwaka 1910, makumi ya maelfu ya mbwa walipokusanywa na kupelekwa kisiwa kikavu cha Sivriada. Kuwakamata kuliwezekana. Kuwalisha hakukuwa kwenye mpango, wakafa kwa njaa na kiu.

Ndugu yule wa barazani ni mjumbe mwenzangu wa kamati ya madrasa ya mtaa wetu. Tulichangisha saruji, mabati na vigae, jengo likasimama. Walimu wawili wamekwishaondoka, aliyebaki ana watoto zaidi ya tisini. Kikao cha kujadili posho kimeahirishwa mara mbili. Kimepangwa tena Ijumaa ijayo baada ya swala, na safari hii nimeomba nizungumze wa kwanza.