Tapeli Yuko Nchi Nyingine: Je, Anaweza Kufuatwa?

Tuseme umeingizwa kwenye grupu ya "kazi rahisi" mtandaoni. Umetuma 15,000 kwa laini ya hapa Kenya, ukaahidiwa faida kesho. Kesho ikifika, grupu imefungwa, na namba ya "meneja" ni ya nchi nyingine. Wengi hukata tamaa hapo: huyo yuko ng'ambo, nitampata wapi?

Ni kweli polisi wetu hawawezi kuvuka mpaka na kumkamata mtu. Lakini wanaweza kuomba msaada wa wenzao, kwa njia mbili.

1. Polisi kwa polisi

Interpol ina nchi wanachama 196, Kenya ikiwemo. Kazi yake ni kuunganisha polisi wa nchi hizo ili wapashane habari haraka: namba hii ni ya nani, akaunti ile iko wapi.

2. Serikali kwa serikali

Habari ya polisi peke yake haitoshi kortini. Ili kupata rekodi za benki au za akaunti ya mtandaoni kama ushahidi, Kenya huandika ombi rasmi kupitia ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Kuna sheria ya 2011 inayosimamia maombi hayo.

Njia hii inaweza kuchukua miezi, na kampuni nyingi hufuta rekodi za zamani. Ndiyo maana sheria yetu ya uhalifu wa mtandao ya 2018 inaruhusu nchi kuombana rekodi zihifadhiwe kwanza, kabla ombi lenyewe halijakamilika. Mkataba wa Budapest wa 2001 nao unataka zihifadhiwe angalau siku 60. Lakini kilichokwisha kufutwa hakihifadhiki. Ukichelewa kuripoti, nafasi hiyo inapotea.

Inafanya kazi kweli?

Mwaka 2024, nchi 19 za Afrika zilishirikiana katika Operesheni Serengeti ya Interpol, na washukiwa 1,006 wakakamatwa. Hapa Kenya, polisi walifuatilia wizi wa dola milioni 8.6 uliohusu kadi za benki. Pesa zilikuwa zimetumwa kwa kampuni za Falme za Kiarabu, Nigeria na China. Karibu watu dazeni mbili walikamatwa.

Hata hivyo, kukamatwa kwa tapeli si sawa na kurudishiwa pesa. Nafasi nzuri ya kuziokoa ni kabla hazijatolewa kwa wakala.

Ukitapeliwa, fanya hivi:

- Piga simu huduma kwa wateja papo hapo. Usingoje "labda atarudisha".
- Usifute meseji wala usitoke kwenye grupu kabla ya kupiga skrinshoti.
- Andika namba ya muamala, tarehe, saa, namba za simu, na linki uliyotumiwa.
- Ripoti kituo cha polisi na uchukue namba ya OB. Bila ripoti, hakuna kesi ya kuombea msaada nje.
- Hata kama ni 500 tu, ripoti. Laini iliyokula 500 yako huenda imekula za wengine mia, na hapo ndipo wapelelezi huona mtandao mzima.

Jihadhari na tapeli wa pili. Akikupigia mtu akidai ni wa Interpol, na kwamba atakurudishia pesa ukilipa "ada" kwanza, kata simu. Interpol haipigii watu simu kuwadai pesa. Na PIN yako usimpe mtu yeyote, hata sisi.