Boti Ilalayo Juu ya Tela: Je, Yahitaji Rangi ya Shaba?

Wanachama wetu wenye mashamba ng'ambo ya hori, hasa upande wa Pemba, hawawezi kuendesha kazi bila chombo. Karafuu hutoka shambani kwa kichwa mpaka pwani, kisha huvushwa kwa boti. Siku hizi wako wengi walioacha kuifunga boti majini, na badala yake huivuta kwa tela mpaka uani. Basi twaulizwa mara kwa mara: boti ya namna hii, je, ipakwe ile rangi yenye sumu ya kuzuia wadudu wa bahari, au rangi ya kawaida yatosha? Kopo la rangi hiyo si la bei ndogo, kwa hivyo tumeona vema tulieleze jambo hili kwa kituo.

Kwanza tumjue adui. Kitu chochote kikizama baharini, iwe mbao, iwe faiba, siku chache tu hufunikwa na utelezi. Juu ya utelezi huota majani, na baada ya majani huja wale wadudu wenye magamba, washikao kwa gundi yao wenyewe na kukua kama vijiwe vya kukata mkono. Maji yetu yana joto mwaka mzima, kwa hivyo wadudu hawa hawana majira ya kupumzika. Chombo kilichoota hivyo huwa kizito, mashine hula mafuta, safari hurefuka, na mvua huikuta karafuu ingali majini. Kila mkulima ajua karafuu iliyorowa inavyopokewa mezani kwa mnunuzi. Na chombo cha mbao kina adui wa pili, yule funza wa baharini atoboaye kwa ndani, hata ubao uonekane mzima kwa nje na ndani umekuwa kama sega la nyuki.

Wazee wetu walikipweleka chombo wakati wa bamvua, wakakiegesha ubavu, wakakipitisha moto wa makuti kuua funza, kisha wakakipaka deheni, yaani chokaa iliyopondwa pamoja na shahamu. Wako wafanyao hivyo mpaka leo, nasi hatuwacheki. Wazungu walishika njia ya shaba. Mwaka 1761 jeshi la wanamaji la Uingereza lilifunika tumbo la manowari iitwayo Alarm kwa mabati membamba ya shaba. Wadudu walizuilika; lakini ilipochunguzwa mwaka 1763 ilionekana kwamba misumari ya chuma iliyogusana na shaba ile imeliwa vibaya. Mambo yote mawili tuyaweke moyoni, maana tutayarudia.

Rangi iuzwayo leo kwa kazi hii, kwa kawaida, nguvu yake ni shaba ile ile, iliyofanywa unga na kutiwa katika rangi. Mkulima asistaajabu: mrututu uchanganywao na chokaa kunyunyizia mimea dhidi ya ukungu nao watokana na shaba. Rangi hii hufanya kazi kwa kutoa shaba kidogo kidogo ndani ya maji. Kwa hivyo ikiwa haimo majini haifanyi kazi yoyote. Na mdudu mchanga akitolewa majini akakaa juani hufa mwenyewe, bila ya kopo la rangi.

Hukumu yetu basi ni hii. Boti iteremshwayo asubuhi na kupandishwa jioni, au hata ikilala majini usiku mmoja au miwili, haihitaji rangi ya shaba. Isuguliwe kwa brashi na maji matamu mara itokapo baharini, kabla utelezi haujakauka, na hiyo ndiyo dawa yake. Twaamini kwamba wengi wa wanachama wenye tela wamo katika fungu hili, na fedha zao zitafaa zaidi kununulia majamvi. Lakini yule ambaye msimu wa karafuu ukiingia boti yake hukaa majini kwa majuma, na tela hutumika msimu ukiisha, huyo yampasa apake.

Lakini asinunue kopo lolote atakalopewa. Ziko rangi laini za mtindo wa zamani, ambazo zikikaa kavu kwa majuma kadhaa hupoteza nguvu, na hazifai kwa boti ya kupanda na kushuka. Ziko rangi ngumu, ambazo hustahimili kusuguana na tela, ila baada ya kukaa kavu sana hutaka kupigwa msasa kidogo kwa maji ili shaba itokeze tena. Na ziko zile zijisuguazo zenyewe kadiri chombo kinavyokwenda; nyingi katika hizo huvumilia kukaa nje ya maji, lakini ni rahisi kuchubuka. Kwa boti ya tela sisi twapendelea iliyo ngumu. Soma maandishi ya kopo, au umwombe kijana akusomee, hasa pale panapotajwa muda kati ya mkono wa mwisho wa rangi na kuteremsha chombo: mara nyingi huwa na kiasi cha chini na kiasi cha juu.

Mwenye boti ya alumini asipake rangi ya shaba hata kidogo. Yale yaliyoipata misumari ya Alarm ndiyo yatakayoipata boti yake. Ziko rangi zilizotengenezwa kwa ajili ya alumini, atake hizo. Na hata mwenye boti ya faiba auepushe mguu wa mashine na shaba.

Kiasi cha rangi hupatikana kwa hesabu ndogo. Jumlisha upana wa boti na kina cha sehemu iliyomo majini, kisha zidisha kwa urefu wa pale maji yafikapo. Boti ya urefu wa mita 5, upana mita 1.80, kina sentimita 30, hutoa mita 10 na nusu za mraba. Mikono miwili ni 21. Ikiwa kopo laandika kwamba lita moja yafunika mita 9, basi lita 2 na nusu zatosha, na kidogo kitabaki kwa kuongeza mkono wa tatu pale maji yafikapo na kwenye mkuku, ambako rangi huisha mapema.

Kabla ya kupaka, osha kwa maji matamu na ukwangue kilichoshika. Rangi ya zamani isipigwe msasa mkavu kamwe. Vumbi lake ni sumu, na mwenye kulivuta hulivuta na shaba. Tumia msasa wa maji, funga kitambaa puani, vaa glavu. Yale makwangulio yapokewe juu ya turubai, yasiachwe pwani wanapookota watu chaza, wala karibu na mwani unaolimwa na kina mama. Ufaransa ilipiga marufuku kwa vyombo vidogo rangi zenye sumu iitwayo tributiltini mwaka 1982, baada ya chaza wa ghuba ya Arcachon kuharibika magamba; na mapatano ya dunia nzima yaliyofanywa mwaka 2001 yakaanza kutumika mwaka 2008. Mtu akikuletea kopo kuukuu lenye jina hilo, usilinunue hata kwa bei ya bure.

Koroga rangi mpaka chini kabisa, kwa kuwa shaba ni nzito na huzama. Asiyekoroga hupaka maji ya rangi, na sumu yote hubaki koponi. Usiizimue ovyo.

Kuna taabu ya pale boti ilipokalia tela, ambapo brashi haifiki. Zuia magurudumu kwa mawe pande zote, paka pote panapoonekana, acha pakauke, kisha isogeze boti nyuma kadiri ya shubiri mbili, huku imetegemezwa kwa magogo, upake palipokuwa pamefunikwa. Mtu asiingie chini ya boti iliyoinuliwa kwa jeki peke yake.

Mwenye boti ya mbao ana neno lake zaidi. Mbao zikikaa juani juu ya tela hukauka, maungio hufunguka na kalafati hulegea, na rangi haiwezi kuziba nafasi hiyo. Ifunike kwa makuti, uimwagie maji jioni, na uiteremshe mtupu siku moja kabla ya kupakia magunia, ili mbao zivimbe. Tela nalo lioshwe kwa maji matamu kila litokapo baharini, na beringi zake zitiwe grisi.