Mkono wa Mwanafunzi na Mwili wa Mwenzake: Jinsi Utabibu wa Kugusa Unavyofundishwa

Kata ya Nanyala, katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe, iko kando ya barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Tunduma. Mgonjwa wa huko aendapo zahanati, chombo cha kwanza kumfikia si mashine ya eksirei, bali ni mkono wa tabibu. Mkono huo hushika kifundo chake na kuhesabu mapigo, hubonyeza tumbo lake, hupapasa shingo kutafuta matezi yaliyovimba, na hufuata pingili za mgongo kutafuta mahali penye maumivu. Mkono uliofundishwa vema husaidia kuamua mapema nani atibiwe papo hapo na nani apelekwe hospitali iliyoko Vwawa kabla ya usiku kuingia. Mkono usiofundishwa hupita juu ya ugonjwa bila kuutambua.

Mkono huo hufundishwa wapi? Katika vyuo vingi vya utabibu, uuguzi na fiziotherapia duniani, somo la kwanza la kugusa halitolewi kwa mgonjwa. Hutolewa darasani, mwanafunzi akimpima mwanafunzi mwenzake. Makala haya yanaeleza sababu za kufanya hivyo, faida zake, na masharti ambayo bila kutimizwa somo hilo hugeuka kuwa dhuluma.

Kidole kama chombo cha kupimia

Ngozi ya ncha ya kidole ina miisho mingi ya neva, nayo si ya aina moja. Miisho iitwayo ya Merkel hutambua kingo na umbo la kitu. Ile ya Meissner hutambua mguso mwepesi na kitu kinachoanza kuteleza. Ile ya Ruffini hutambua ngozi inapovutwa. Ile ya Pacini, iliyo ndani zaidi, hutambua mtetemo, hasa mitetemo 200 hadi 300 kwa sekunde. Namna seli zinavyogeuza msukumo kuwa taarifa ya neva ilieleweka vizuri katika miaka ya karibuni tu. Kwa ugunduzi wa vipokezi vya joto na mguso, David Julius na Ardem Patapoutian walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2021.

Sehemu za mwili hazilingani kwa wepesi wa kuhisi. Mwaka 1834 mwanasayansi wa Ujerumani, Ernst Heinrich Weber, alichapisha vipimo vilivyoonyesha jambo hilo. Ncha ya kidole huweza kutofautisha nukta mbili zilizo mbali kwa milimita 2 au 3 tu, ilhali mgongoni nukta hizo hudhaniwa kuwa moja mpaka zitenganishwe kwa milimita 30 au 40, au hata zaidi.

Kwa hiyo tabibu hatumii mkono wote kwa kazi moja. Ncha za vidole hutafuta uvimbe na mapigo ya mshipa. Mgongo wa mkono hutumika kukadiria joto, ingawa mkono huishia kushuku homa tu, na kipimajoto ndicho kithibitishacho. Ukingo wa kiganja huwekwa kifuani ili kuhisi mtetemo wa sauti mgonjwa anapohesabu. Pafu lililojaa uchafu wa nimonia hupitisha mtetemo zaidi. Maji yakijaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, mtetemo hufifia. Kidole gumba hakitumiki kuhesabu mapigo ya mgonjwa, kwa sababu kina mapigo yake chenyewe yawezayo kumdanganya mpimaji.

Mambo haya huandikwa vitabuni, lakini kitabu hakimpi mtu hisia ya kidoleni. Hisia hiyo hupatikana kwa kurudia, kama mpishi ajuavyo ugali umeiva kwa uzito wa mwiko.

Kwa nini mwenzake, na si mgonjwa?

Sababu ya kwanza ni kwamba ugonjwa hautambuliki na asiyeijua afya. Mfano mzuri ni bandama, yaani wengu, ambalo huweza kuvimba kwa malaria ya mara kwa mara. Kwa mtu mzima mwenye afya, kwa kawaida bandama halifikiwi na vidole, kwani limejificha chini ya mbavu za kushoto. Mwanafunzi hulitafuta kwa kuanza chini ya tumbo upande wa kulia, akipanda polepole kuelekea mbavu za kushoto, huku mwenzake akivuta pumzi ndefu. Hapati kitu, na huko kutopata ndilo somo lenyewe. Baada ya kupima matumbo ya wenzake kadhaa, siku atakapokuta ukingo mgumu ukishuka na pumzi na kugonga kidole chake, atajua kwamba amekuta jambo lisilo la kawaida.

Sababu ya pili ni kwamba mwenzake aweza kumsahihisha. Mgonjwa mwenye maumivu, hasa mzee au mtoto, aghalabu hukaa kimya mbele ya tabibu. Mwanafunzi aliyelala kitandani husema wazi: “Unabonyeza kwa kucha,” au “Hapo si kwenye ini, umepanda juu mno.”

Sababu ya tatu ni nzito kuliko zote. Anayelala kitandani naye anasoma. Anajifunza kwamba mkono wa baridi huyafanya misuli ya tumbo kukakamaa na kumficha mpimaji habari. Anajifunza kwamba kuguswa bila kuambiwa kwanza hutia hofu, na kwamba dakika tatu za kulala nusu uchi chini ya macho ya watu ni ndefu sana. Tabibu aliyeyapata hayo katika mwili wake mwenyewe ni rahisi kwake kukumbuka kupasha mikono moto, kufunika sehemu isiyopimwa, na kumtazama mgonjwa usoni anapombonyeza.

Mfano wa osteopathi

Fani inayotegemea sana mafunzo haya ni osteopathi. Mwanzilishi wake, Andrew Taylor Still wa Marekani, alifungua shule yake huko Kirksville, Missouri, mwaka 1892, na wanawake walikuwamo katika darasa la kwanza. Fani hiyo inasisitiza uhusiano wa mifupa, viungo na misuli na afya ya mwili mzima. Nchini Marekani mhitimu wake leo ni daktari kamili, mwenye ruhusa ya kuandika dawa na kufanya upasuaji kama madaktari wengine. Juu ya masomo hayo ya kawaida, huongezewa takriban saa 200 za mazoezi ya kupima na kutibu kwa mikono, na sehemu kubwa ya saa hizo wanafunzi hugusana wao kwa wao, wakibadilishana zamu za kuwa tabibu na kuwa mgonjwa.

Sayansi inadai fani hiyo ipimwe kama nyingine. Uko ushahidi kwamba tiba ya mikono huweza kupunguza kwa kiasi maumivu ya chini ya mgongo. Madai kwamba hutibu magonjwa mengi ya ndani hayana ushahidi wa kutosha. Kadhalika kuvuta au kugeuza shingo kwa ghafla kuna hatari, ingawa ni ya nadra, ya kuumiza mishipa ya damu iendayo kwenye ubongo. Hivyo si jambo la kujaribiwa nyumbani.

Katika Afrika Mashariki osteopathi haikuenea, lakini ufundi wa kugusa una historia yake. Mafunzo ya udaktari yalianza Makerere, Uganda, mwaka 1924, na Shule ya Udaktari ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1963. Wataalamu wa fiziotherapia hufundishwa KCMC, Moshi. Kwa wote hao, kutazama, kupapasa, kugonga na kusikiliza ni msingi wa kumpima mgonjwa.

Haya, heshima na ruhusa

Haya ya mgonjwa na ya mpimaji si kikwazo cha sayansi peke yake. Imewahi hata kuizalia chombo. Mwaka 1816, mjini Paris, daktari Laennec aliona haifai kuweka sikio lake juu ya kifua cha msichana aliyekuwa akimpima. Alikunja karatasi ikawa bomba, akasikiliza kwa hilo bomba, naye akasikia moyo vizuri kuliko awali. Huo ndio mwanzo wa stetoskopu.

Wanafunzi wanaokuja vyuoni hawaji bila mafunzo ya kugusa. Wamekwisha kufundishwa nyumbani nani aguswe, nani asiguswe, na kwa mkono upi. Miongoni mwa Wanyakyusa, kwa mfano, desturi ya zamani ilimtaka mke amwepuke kabisa baba mkwe wake, asimtazame wala kutaja jina lake. Mwislamu aweza kuwa na sababu ya dini ya kutoguswa na mtu wa jinsia nyingine asiye maharimu wake. Mwingine ana kovu asilotaka lionekane, au amewahi kuguswa kwa nguvu na hawezi kulieleza jambo hilo mbele ya darasa.

Tafiti zilizofanywa katika nchi mbalimbali zinaelekea upande mmoja: wanafunzi wengi hukubali kupimwa mikono, kichwa au goti; wachache zaidi hukubali kupimwa kifua au tumbo; na wengi hukataa matiti, kinena na sehemu za siri. Wanawake husita zaidi kuliko wanaume. Kwa sababu hiyo vyuo hufundisha upimaji wa sehemu za siri kwa kutumia sanamu za mafunzo, kisha kwa wagonjwa walioombwa ruhusa, chini ya uangalizi. Hata mimba haijifunzwi kwa mwenzako: hatua nne za kupapasa tumbo la mjamzito, zilizopewa jina la Leopold wa Ujerumani, hufanyiwa mazoezi kwenye sanamu kwanza.

Swali gumu ni hili: mwanafunzi akiambiwa na mwalimu mbele ya wenzake avue shati, naye akavua, je, amekubali? Mwalimu ndiye atoaye alama. Wenzake wote wamevua. Kukataa ni kujitenga, na huenda akadhani atahesabiwa mtoro. Ruhusa isiyoweza kunyimwa si ruhusa.

Hivyo wema wa mwalimu hautoshi. Utaratibu wenyewe hauna budi kulinda uhuru huo. Wanafunzi waelezwe kabla ya siku ya somo ni sehemu gani zitapimwa. Wapewe nafasi ya kukataa kwa siri, bila kutaja sababu na bila kupoteza alama. Wachague wenyewe wa kufanya naye zoezi. Pawe na pazia na shuka. Mpimaji aombe ruhusa kwa maneno kabla ya kila hatua, na akiambiwa “acha,” aache papo hapo. Asiyetaka kupimwa apewe njia nyingine ya kujifunza: sanamu, au mtu wa kujitolea aliyelipwa.

Utaratibu huo haumpunguzii mwanafunzi elimu. Kuomba ruhusa ni sehemu ya ufundi wenyewe, kama kupasha mikono moto. Aliyezoea kumwuliza mwenzake darasani atamwuliza pia bibi kizee wa Nanyala. Aliyezoea kushika bila kuuliza atashika hivyo hivyo.

Siri inayogunduliwa darasani

Mara chache zoezi hufichua ugonjwa. Kidole kinachojifunza kutafuta tezi la shingo hukuta uvimbe wa kweli. Stetoskopu husikia sauti isiyo ya kawaida moyoni. Hapo mwenye mwili si chombo cha kufundishia tena. Ni mgonjwa, naye ana haki ya siri. Mpimaji hapaswi kupiga kelele wala kuwaita wenzake waje kusikiliza. Humwambia mwenyewe kwa faragha, na kwa idhini yake humwarifu mwalimu, ili apelekwe kwa tabibu asiye mwalimu wake. Darasa lililoafikiana jambo hili mapema huepuka aibu, na huenda likaokoa maisha.

Jaribio kwa msomaji

Chukua njiti mbili za kiberiti ambazo hazijawashwa, na rula. Mwombe mwenzako ruhusa. Akikataa, tafuta mwingine. Mwenzako akiwa amefumba macho, gusa ncha ya kidole chake kwa njiti zote mbili kwa pamoja, zikiwa mbali kwa milimita 5, naye aseme anahisi njiti moja au mbili. Sogeza njiti zikaribiane mpaka aseme ni moja, kisha andika kipimo. Rudia kwenye mkono chini ya kiwiko, halafu mgongoni, ukianza na njiti zikiwa pamoja na kuzitenganisha polepole. Mara nyingine gusa kwa njiti moja tu, ili asiweze kukisia. Linganisha vipimo vyako na vile vilivyotajwa hapo juu.

Kisha mpime mapigo kwa ncha za vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, kwa dakika nzima. Mtu mzima aliyepumzika huwa na mapigo 60 hadi 100. Mwisho mbadilishane nafasi, na kila mmoja amweleze mwenzake alivyojisikia alipokuwa akipimwa. Majibu hayo nayo yaandikwe pamoja na vipimo.

Mashine zitaendelea kuongezeka katika zahanati zetu, na ni vema ziongezeke. Lakini mashine hutumwa mahali fulani mwilini baada ya mtu kuamua mahali pa kutazama, na uamuzi huo mara nyingi huanza vidoleni. Mgonjwa wa Nanyala hamjui aliyekubali kulala kitandani darasani ili vidole hivyo vijifunze, wala hajui kama aliulizwa kwanza. Hata hivyo, namna mwenzake alivyoguswa siku ile ndiyo namna naye atakavyoguswa.